Nyumba Tupu Mchana Kweupe: Funzo la Kimuka

Shemeji yangu anaishi Kimuka, kule Kajiado, nyuma ya vilima vya Ngong. Mwaka jana alivunjiwa nyumba mchana kweupe. Wakabeba paneli ya sola, mtungi wa gesi na televisheni. Watu wote wakalaumu kufuli. Mimi nikamuuliza: nyumba huwa tupu kuanzia saa ngapi? Akanijibu kwamba yeye na mkewe hutoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, na hurudi usiku. Watoto wako bweni. Basi mwizi alikuwa na siku nzima.

Jambo hili lina elimu yake. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba wizi hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: mtu aliye tayari kuiba, kitu cha kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Walitaka kujua kwa nini baada ya Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walizidi kupata pesa na wizi nao ukazidi. Jibu lao ni kwamba watu wengi, hasa akina mama, walianza kushinda kazini na masomoni, nyumba zikabaki pweke. Tena mali ikawa nyepesi: televisheni nyepesi kabisa dukani mwaka 1960 ilikuwa na kilo 17 hivi, mwaka 1970, kilo 7.

Na mlinzi wanayemtaja si lazima awe askari. Ni jirani anayeanika nguo, ni muuza mboga, ni wale wazee wetu wa Mji wa Kale Mombasa wanaokaa barazani baada ya alasiri. Sisi twawaona wanapiga soga tu, kumbe hakuna mgeni apitaye wasimjue.

Kimuka zamani macho yalikuwa ya vijana wa Kimaasai wachungao mbuzi. Leo wako shule, jambo jema, na malisho yamekatwa ploti. Kila mnunuzi hujenga ukuta mrefu. Ukuta huo, mwizi akisharuka, wamficha yeye pia.

Serikali ya Kenya ilileta Nyumba Kumi mwaka 2013, mfano ukitoka Tanzania. Mimi siupingi. Lakini nyumba kumi zisizo na mtu mchana zitalindana vipi? Wala sisemi umaskini hauna neno. Wale mabwana hawakueleza mtu hugeukaje kuwa mwizi, nao walijua hivyo.

Shemeji amekubaliana na bibi mmoja wa jirani, mwenye mbuzi. Ukuta umetobolewa kijilango, mbuzi huingia kula nyasi mchana, na bibi huja kuwaangalia. Kila Jumamosi hupelekewa sukari na majani ya chai. Televisheni nyingine bado hajanunua.