Sauti ya Mwanamke na Neno Linaloeleweka

Katika sharika zetu za Nachingwea na Ruangwa, na hapa Chunyu pia, kwaya inapotafuta mwimbishaji tunaulizana: nani ana sauti nzuri? Mara nyingi tunamchagua binti anayepanda juu kuliko wenzake na atakayependeza kwenye video. Mama zetu wenye umri wanabaki mabenchi ya nyuma. Historia ya waimbaji wanawake wa nchi yetu inatupa kipimo kingine, nacho hakipingani na imani yetu.

Tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika jamaa yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kwa kuvinadi njiani. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki. Wapinzani wake walimcheka kwa sura yake, na kwa kuwa alitoka shamba akiwa amevaa kaniki. Lakini mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi santuri na kampuni ya His Master's Voice, nazo zikasikilizwa pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Ukuu wa sauti yake ulikuwa wapi? Kabla yake, taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na watu wengi wa kawaida hawakuelewa maneno. Siti aliimba kwa Kiswahili, mchukuzi na mpishi wakaelewa. Tena aliimba mambo yaliyowauma. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni: muuaji alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Ambao hawakusikilizwa mahakamani walisikika katika wimbo.

Sisi Walutheri tunaijua njia hiyo. Mwaka 1524 vitabu vya kwanza vya nyimbo za matengenezo ya Kanisa vilichapwa kwa Kijerumani ili usharika wote uimbe, si makasisi peke yao kwa Kilatini. Mwaka huohuo ulichapwa wimbo wa Elisabeth Cruciger, mwanamke aliyekuwa mtawa kabla ya kuolewa. Maana yake ni kwamba mwanamke hakuletwa juzi katika uimbaji wetu. Alikuwapo tangu vitabu vya mwanzo kabisa.

Wengine watauliza: Siti alikuwa Mwislamu, na aliimba mapenzi pia, anatufundisha nini? Hatuchukui kwake mafundisho ya imani. Tunakiri tu kwamba pumzi ya kila mwanadamu ni ya Muumba, na kwamba majirani zetu Waislamu, ambao ni wengi huku kusini, nao wamepewa vipawa. Hata Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anapenda maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka. Siti angefaulu mtihani huo. Je, kwaya zetu zingefaulu, vinanda na vipaza sauti vikiwa vimeyameza maneno?

Baada ya Siti alikuja Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kama Bi Kidude. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo. Aliimba taarabu, na pia alipiga ngoma ya unyago akiwafunda wasichana. Unyago tunaujua sisi watu wa kusini. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi kwenda Kilwa, na wengi wakavushwa hadi Unguja. Ngoma zao zilivuka pamoja nao. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, akiwa bibi kizee, na aliendelea kuimba karibu hadi kifo chake mwaka 2013. Umri haukumaliza sauti yake. Watu walisikia ndani yake maisha yote aliyoyapitia.

Basi tunapochagua mwimbishaji, tujiulize mambo matatu. Je, maneno yake yanafika benchi la mwisho? Je, wimbo wake unamgusa mjane aliyenyang'anywa shamba la mikorosho, au unawafurahisha wenye shibe tu? Je, anawavuta wengine waimbe, au wananyamaza wamtazame? Pengine tutagundua kwamba mwenye sauti kuu ni mama yule wa benchi la nyuma, anayeanzisha pambio bila kinanda na usharika wote ukaitikia.

Tukumbuke kwamba wimbo wa Mariamu katika Luka 1 ulitoka kinywani mwa binti wa kijiji kisichosifiwa na mtu. Luka hakuandika kama sauti yake ilikuwa nyororo. Aliandika maneno yake: Mungu huwashusha wakuu na kuwainua wanyonge. Maneno hayo Kanisa linayaimba mpaka leo.