Je, Yafaa Fedha za Umma Zitumiwe kwa Ajili ya Tabianchi?

Ukisimama Komarock, mashariki mwa jiji la Nairobi, wasimama juu ya udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kaskazini, upande wa Dandora, wapita Mto Nairobi. Kusini wapita Mto Ngong. Yote miwili yashuka kutoka magharibi, penye ardhi ya juu, nayo huwaletea watu wa mashariki maji ya jiji pamoja na takataka zake. Hali hii haikuanza jana. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wajenzi walitafuta uwanda ulio sawa kwa ajili ya njia zao na karakana, wala hawakujali sana maji ya mvua yangekwenda wapi. Baadaye serikali ya kikoloni ikawapa Wazungu miinuko ya magharibi, na Waafrika wakawekwa katika tambarare za mashariki. Mitaa iliyojengwa baada ya Uhuru, kama Dandora na Komarock, ikazidi kuenea upande huohuo.

Nimetangulia kueleza hayo ili uone kwamba swali letu lakuhusu wewe. Je, yafaa kodi ya wananchi itumiwe kupambana na mabadiliko ya tabianchi?

Wako watu wenye akili wasemao kwamba haifai. Hoja yao ni hii: moshi ulioipasha dunia joto haukutoka kwetu, sehemu ya Kenya katika moshi huo haifiki moja katika mia. Tena madarasa hayatoshi na dawa ni haba. Kwa nini basi maskini alipe deni la tajiri? Hoja hii si ya kupuuzwa. Tuijibu kwa historia.

Mwaka 1956 visima vilianza kuchimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, kutafuta mvuke wa ardhini. Visima vya kwanza havikufaa. Mtu wa siku zile angaliweza kusema kwamba fedha zimetupwa shimoni, na asingekuwa mwongo. Lakini kazi ilirudiwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wenye nguvu ya megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Kisha mwaka 2000 ukaja ukame. Mabwawa ya Mto Tana yakapungua maji, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Ndipo ilipodhihirika faida ya mvuke, kwa kuwa haungoji mvua. Mitambo ikaongezwa, na siku hizi mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, lakini hatukuona mgao kama ule wa mwaka 2000. Waliochimba mwaka 1956 hawakuwa wakifikiri habari za tabianchi. Hata hivyo, kazi yao ndiyo iliyotukinga.

Sasa tazama upande wa pili, yaani gharama ya kutotenda. Katika mvua za Machi hadi Mei 2024, watu zaidi ya 250 walikufa nchini Kenya kwa mafuriko. Huko Mathare nyumba za kando ya mto zilichukuliwa na maji. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa mpaka 13 Mei. Siku hizo za masomo hazikuandikwa katika bajeti yoyote, lakini zililipwa, na waliozilipa ni wanafunzi. Basi kuuacha mtaro bila kuuzibua nako ni kutumia fedha, ila hulipa yule asiyeulizwa.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba kila shilingi itolewayo kwa jina jema huleta jema. Bwawa la Kimwarer, katika Bonde la Kerio, lilikusudiwa kuleta maji na umeme. Mwaka 2019 lilifutwa, baada ya malipo makubwa kutolewa na bwawa lisijengwe. Mwezi Desemba 2022 serikali ilitangaza kwamba miti bilioni 15 itapandwa kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu ya kupanda miti. Jambo hilo ni zuri. Lakini mche hauhesabiwi siku ya kupandwa, bali siku uonekanapo umesimama baada ya kiangazi cha tatu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumwambia mwenye nyumba asihesabu chokaa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba fedha hizo zafaa kutumiwa, nazo zianzie katika kazi za kutukinga: mitaro, kingo za mito, maji na umeme usiotegemea mvua. Kuupunguza moshi wa dunia ni wajibu mkubwa zaidi wa mataifa yaliyoutoa. Lakini mafuriko hayatangoja mataifa hayo yalipe. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 yataka wananchi washirikishwe. Basi ukisikia katika mtaa wako kwamba fedha zimetengwa, uliza: ni kazi gani itakayobaki baada ya fedha kwisha, na ni nani atakayeitunza? Asiyeweza kukujibu hajastahili bado kupewa fedha hizo.