Rangi Chini ya Kidole: Kwa Nini Mguso Ubebe Mpangilio

Katika kitabu chake cha mwaka 1690 kuhusu fahamu za binadamu, mwanafalsafa John Locke anamtaja kipofu mmoja msomi aliyehangaika sana kuelewa rangi, hatimaye akatangaza kuwa ameujua wekundu: unafanana na mlio wa tarumbeta. Locke alikitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba maneno hayampi mtu hisia ambayo mlango wake umefungwa. Hapo hakukosea. Walioteleza ni wengi waliokuja baadaye, wakadhani kumfikishia asiyeona rangi ni kumtafutia hisia ya badala: wekundu uwe joto, buluu iwe ubaridi, kijani kiwe ulaini wa jani bichi. Huko ni kumbebesha asiyeona mazoea ya wanaoona, tena ni ufundishaji mbovu. Mwali wa buluu wa jiko la gesi una joto kali kuliko makaa mekundu.

Mwaka 1711 Nicholas Saunderson alipewa kiti cha uprofesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kiti ambacho Isaac Newton aliwahi kukikalia. Ndui ilikuwa imempofusha akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na bado alifundisha nadharia ya mwanga, rangi na upinde wa mvua. Hakuwa akikariri mambo asiyoyaelewa. Newton alikuwa ameonyesha kwamba kila rangi hupinda kwa kiasi chake inapopita kwenye mche wa kioo, na kwamba rangi hujipanga kwa mfuatano maalumu. Mfuatano ni suala la jiometri, na jiometri haihitaji macho. Hoja yangu inaanzia hapo: mguso hauwezi kubeba mng'ao wa rangi, lakini unaweza kubeba mpangilio wake.

Utafiti wa Judy Kim, Marina Bedny na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliochapishwa mwaka 2021, unaipa hoja hii nguvu. Watu waliozaliwa bila kuona walikubaliana kidogo kuliko wanaoona kuhusu rangi ya kitu hiki au kile. Walipoulizwa kama vitu viwili vya aina moja vitakuwa na rangi moja, na kwa nini, walifikiri kama wanaoona, hata kuhusu vitu vya kubuni. Kwa hiyo nadharia ya rangi wanayo, wameipata katika mazungumzo ya kila siku. Wanachonyimwa ni taarifa mahususi: shati hili, waya huu, kanga hii. Bibi harusi wa pwani asiyeona anajua vizuri uzito wa kisutu, kanga ya harusi. Anachohitaji ni kuhakikisha mwenyewe kwamba aliyoishika ni yenyewe.

Ni alama gani basi zimfae? Mwaka 1638 padre Mjesuti Silvester Petra Sancta alichapisha kitabu cha nembo za ngao, na kwa kuwa kilichapwa kwa wino mweusi, rangi zilionyeshwa kwa michoro: mistari wima kwa nyekundu, mistari mlalo kwa buluu, ya hanamu kwa kijani, nukta kwa dhahabu. Chora mistari hiyo kwa mwinuko, kidole kitaisoma. Ila ngao ina juu na chini, soksi haina. Igeuze robo mzunguko, nyekundu imekuwa buluu. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba alama hizo hutenganisha rangi bila kuzihusisha. Hakuna kinachodokeza kwamba kijani hupatikana kwa kuchanganya manjano na buluu.

Hapo ndipo ninapoupa heshima mfumo wa ColorADD, uliobuniwa na Mreno Miguel Neiva kwa ajili ya watu wasiotofautisha rangi. Una alama tatu za rangi za msingi, nazo huunganishwa kama rangi zenyewe zinavyochanganywa. Wazo hilo linafaa kuhamishiwa kwenye mguso, kwa uangalifu: ncha ya kidole hutofautisha nukta mbili zikiachana milimita 2 hivi, na alama zilizoungana huvurugika upesi zikibanwa kwenye lebo ndogo ya nguo.

Wapo watakaouliza kwa nini jina la rangi lisiandikwe tu kwa nukta nundu. Kwenye lebo ya shati, jina latosha kwa anayezisoma, ingawa wengi waliopoteza uwezo wa kuona uzeeni hawakuwahi kujifunza. Darasani halitoshi. Kiashirio cha jumla katika maabara ya kemia huwa chekundu kwenye asidi kali, kikapitia rangi ya chungwa na manjano, kikawa kijani kwenye hali ya kati, kisha buluu na zambarau kwenye alkali. Huo ndio mfuatano wa upinde wa mvua. Mwanafunzi asiyeona akitajiwa na mwenzake, au na kifaa cha sauti, kwamba manjano imegeuka kijani, amepewa majina mawili tu. Akiwa na ukanda wa alama za mguso zilizopangwa kwa mfuatano huo, atajua myeyuko umesogea upande gani, umebakiwa na hatua ngapi, na kama inafaa kuongeza tone jingine.