Mwenye Mgonjwa ni Nani? Kuuguza Nyumbani na Gharama Yake Wingwi, Pemba

Kiswahili kimemtambua anayeuguza tangu zamani. Kuugua ni kwa mgonjwa. Kuuguza ni kwa aliye kando yake, anayemlisha, anayemgeuza, anayekesha naye. Taaluma ilipokuja ikalichukua neno muuguzi, ikalivisha sare, na aliyebaki nyumbani akakosa cheo. Wodini huitwa "mwenye mgonjwa", tena mara nyingi kwa wingi na kwa amri: wenye wagonjwa watoke nje, daktari anapita. Naona jina hilo limebeba sera nzima. Mgonjwa ana wenyewe; mfumo wa afya humpokea kwa muda, kisha humrejesha kwao bila kuuliza wamebakiwa na nini.

Wingwi imo Wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba. Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, iko Mkoani, upande wa pili kabisa wa kisiwa. Aliyepigwa na kiharusi huweza kuanzia Micheweni, akapelekwa Wete au Chake Chake, akaishia Mkoani. Ikishindikana huko, hupandishwa boti kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Katika kila safari yumo mtu wa pili, ana mkeka, chupa ya chai na kanga za kubadilisha. Rufaa huandikwa kwa jina moja, nauli hutoka kwa wawili.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 Serikali ilitangaza matibabu bure, na si jambo la kubezwa. Lakini bure hiyo ina mlipaji, na malipo yake tutayaona vizuri zaidi tukiyapima kwa maji ya bahari kuliko kwa shilingi. Wakulima wa mwani Zanzibar wengi ni wanawake, na mwani hushughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Yakija maji mafu, kazi husimama. Tumchukulie mkaza mwana anayelala wodini na mama mkwe wake siku saba, na siku hizo zikaangukia bamvua. Hakupoteza wiki moja tu. Atangoja bamvua nyingine, karibu nusu mwezi, na huku kamba zimekatika na mwani umechukuliwa na maji. Hasara hii haimo katika hesabu yoyote ya hospitali, kwa kuwa hospitali huhesabu vitanda, vipimo na dawa.

Kisha mgonjwa hupewa ruhusa, na hapo ndipo kazi inapoanza. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huchubuka na kuwa donda. Akilishwa uji hali amelala chali, hupaliwa, na chakula huweza kuingia mapafuni. Mambo haya hufundishika kwa nusu saa kando ya kitanda, na kinachohitajika ni mtu wa kuyasema na mto wa kuonyeshea. Tena si mageni kwetu. Katika kupambana na matende, ugonjwa ambao Zanzibar ilianza kuugawia dawa kwa umma mwaka 2001, ushauri mkuu kwa aliyekwisha kuvimba mguu ni kuuosha kwa maji na sabuni kila siku na kuukausha vizuri. Tiba hiyo imo mikononi mwa watu wa nyumbani. Ikiwa tumewaamini kwa mguu, kwa nini tusiwaamini kwa kiharusi?

Yupo atakayesema kuuguza mzazi ni radhi na thawabu, na kuingiza Serikali humo ni kuharibu. Thawabu siibishi. Ila ni hesabu ya mja na Mola wake, na bajeti haiwezi kujificha nyuma yake. Uingereza ilipoanzisha posho ya wanaouguza, mwaka 1976, iliwanyima wanawake walioolewa kwa dhana kwamba wao wangekuwa nyumbani tu, hadi sheria ilipobadilishwa 1986. Sisi dhana hiyo tunayo bila hata kuiandika. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, humfikia mgonjwa mzee. Binti wa miaka 45 anayemwogesha haonekani.

Sidhani mwanzo uwe posho. Mwanzo uwe mahali pa kulala penye choo karibu na wodi, na daktari atakayemweleza anayeuguza ugonjwa wenyewe, kwa Kiswahili na bila haraka. Mpango wa Jamii ni Afya tayari unawatuma wahudumu wa kujitolea majumbani, ukiwa umejikita kwa mama na mtoto. Mlango uleule wanaoubishia hodi kumpima mtoto mara nyingine una mzee kitandani chumba cha pili. Na karatasi ya ruhusa iongezwe mistari miwili: nani atauguza, na nani atampokea zamu siku ya bamvua.