CRB na Wauzaji wa Majina Safi: Historia Fupi

Mwezi uliopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, akiwa ameitwa kwenye usaili wa kazi serikalini. Katika simu yake mlikuwa na ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua: kwa shilingi 3,500 jina lake lingefutwa CRB kwa saa 24, chini ya "mpango wa serikali wa kusafisha majina". Aliniuliza, "Mwalimu, nitume?" Nilimwambia asitume. Hata hivyo nilibaki nikijiuliza: ilikuwaje msomi aliyefunzwa kuhoji kila kauli akakaribia kuiamini hii? Jibu limo katika historia.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mabenki kadhaa ya Kenya yalianguka, mikopo isiyolipwa ikiwa miongoni mwa sababu. Aliyekwepa deni katika benki moja aliweza kuvuka barabara akakopa katika nyingine bila kutambuliwa. Ndipo zikatungwa kanuni za mwaka 2008, zilizoanza kutumika 2009, na taasisi ya kwanza ya taarifa za mikopo ikapata leseni mwaka 2010. Awali mabenki yalilazimika kupeleka taarifa za wasiolipa tu. Kanuni za 2013 ndizo zilizoleta pia taarifa za wanaolipa vyema. Kwa hiyo CRB iliingia masikioni mwa wananchi kama jina la adhabu, wala si kama daftari lenye kurasa za sifa na za lawama.

Mambo mawili yaliikuza hofu hiyo. La kwanza ni mikopo ya simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012, zikafuata programu nyingi za kukopesha, na mtu akaweza kuorodheshwa kwa deni la shilingi mia chache. La pili ni ajira. Baada ya Katiba ya 2010 na masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita, waajiri wa umma walianza kudai cheti cha CRB pamoja na vyeti vya kodi, HELB na polisi. Asiye na kazi hakuweza kulipa deni, na mwenye deni aliona mlango wa kazi umefungwa. Penye mlango wa namna hiyo hakosekani mwenye kuuza ufunguo bandia.

Serikali ililiona tatizo. Aprili 2020 Benki Kuu iliagiza kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB, na cheti cha kwanza kitolewe bila malipo. Novemba 2022 ikatangaza mpango wa wakopeshaji iliowasimamia kupunguza angalau nusu ya mikopo ya simu iliyokwama, hadi mwisho wa Mei 2023. Huo ulikuwa nafuu ya kweli, yenye masharti na tarehe ya mwisho. Tapeli wa mwanafunzi wangu alichukua lugha yake, akayaacha masharti na tarehe.

Wenzetu walikwisha kupitia haya. Nchini Marekani, ambako Lewis Tappan alianza biashara ya kukusanya taarifa za wakopaji jijini New York mwaka 1841, wadanganyifu wa kurekebisha rekodi walienea kiasi kwamba Bunge lilitunga sheria mahususi mwaka 1996. Kiini chake ni chepesi: kampuni ya kurekebisha rekodi isipokee malipo kabla ya kukamilisha kazi iliyoahidi. Ukiondoa malipo ya awali, umemnyima tapeli riziki yake.

Kwa raia wa Kenya, ukweli ni huu. Ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Taarifa ikiwa ya uongo, huipinga mwenyewe mbele ya CRB au mkopeshaji, bila wakala. Ikiwa ya kweli, humlipa mkopeshaji, na rekodi huonyesha kwamba deni limelipwa. Kumbukumbu ya kuchelewa kwake huweza kubaki hadi miaka 5 baada ya kulipa, na hakuna mtu wa pembeni mwenye mamlaka ya kuifuta. Basi anayeahidi kufuta deni la kweli, anayetaka ada kwanza kwenye namba ya mtu binafsi, anayeomba namba ya siri, au anayekushauri ukope kwa kitambulisho cha mwingine, huyo ni mwizi. Ushauri huo wa mwisho unaweza kukugeuza mshtakiwa.

Tuliiomba ripoti ya kijana huyo. Ilionyesha deni moja: shilingi 1,640. Alikuwa karibu kutoa zaidi ya maradufu ya deni lake, na deni libaki palepale. Alimlipa mkopeshaji, akaanza kushughulikia cheti chake.

Ninyi mnaohudumu katika ofisi za umma, mnapoandika "cheti cha CRB" katika tangazo la kazi, ongezeni mstari mmoja unaoeleza namna ya kukipata na haki ya mwombaji kuipinga taarifa ya uongo. Tumewafundisha vijana wetu kuiogopa orodha, hatujawafundisha kuisoma.