Makaburi ya Wapolandi Tengeru



Sisi tuliosoma Arusha tulipita Tengeru kwa basi mara nyingi, tukitazama soko na migomba, tusijue kwamba nyuma ya mashamba yale wamezikwa watu wa Poland. Mimi nilifika pale nikiwa tayari mtumishi wa serikali.

Historia yao kwa ufupi ni hii. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mwaka 1941, waliachiwa, na mwaka uliofuata maelfu yao wakavuka hadi Uajemi. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake na watoto wakatafutiwa hifadhi katika makoloni ya Waingereza. Ndivyo watu wapatao 5,000 walivyofika Tengeru, chini ya Mlima Meru. Waliishi katika nyumba za msonge, wakawa na kanisa, shule, hospitali na mashamba yao.

Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, kwani mipaka ilikwisha kuhamishwa. Wakatawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Yakabaki makaburi 149. Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi wamelala ndani ya ukuta mmoja. Serikali ya Poland imesaidia kuyakarabati, lakini anayefagia na kung'oa magugu ni mwenyeji wa hapo.

Siku ile nilisoma majina yale nikaona haya. Kwetu Kilimanjaro tunazika kihambani, na alama ya kaburi ni sale. Babu yangu alizikwa hivyo. Baadaye kihamba kiligawanywa, sale likang'olewa, na baba alipofariki hakubaki mtu wa kunionyesha mahali penyewe. Mgeni aliyefia mbali na kwao ana jina lake na mtu wa kumfagilia. Babu yangu, aliyezikwa nyumbani kwake, hana.

Nimejifunza kwamba kaburi halitunzwi na undugu peke yake. Hutunzwa na daftari, na mtu aliyekabidhiwa kazi.

Kwenu wanafunzi mlioko shuleni sasa: likizo ijayo chukueni daftari, mkae na wazee wenu, mwandike nani amezikwa wapi, na mpaka wa shamba uko upande gani. Msingoje kama nilivyongoja mimi.