BAWA LA USIKU (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Niliamka usiku wa manane nikakuta mkeka wa Mjomba Hamadi mtupu, na komeo la mlango wa uani limefunguliwa kwa ndani. Bibi alikuwa macho, amekaa kitako kizani, hasemi kitu.

SASA ENDELEA...

"Ametoka saa ngapi, Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Jitande kanga, twende."

Siku zile za mwaka 1995, Kwahani nzima ilikuwa ikilala nje isipokuwa sisi. Hofu ilianzia Pemba mwezi wa Ramadhani, ikavuka bahari, na ilipofika Unguja ilikuwa imeshanona. Watu walitandika mikeka mbele ya milango, wanawake na watoto katikati, wanaume pembeni na bakora zao, moto unakokwa mpaka alfajiri. Popobawa, walisema, humwendea mtu aliyelala kitandani mwake, hana habari na milango wala makufuli. Kwanza hutangulia harufu. Kisha mwili hufa ganzi, kifua kikaelemewa, sauti ikagoma kutoka. Na akishamaliza uovu wake humwachia mtu sharti: kawaeleze wenzio, usipowaeleza nitarudi. Ndiyo maana watu wazima, wenye heshima zao, walisimama barazani asubuhi wakasimulia mambo ambayo siku nyengine wangezikwa nayo.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ulikuwa unakuja Oktoba, kwa hiyo na siasa ikaingia humo humo. Wengine walisema chama hiki ndicho kilichomtuma, wengine kile. Jirani akaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Bibi hakusimulia lolote. Wazee wa kwetu Pemba wanakumbuka kuwa Popobawa alianza kutajwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Kila nilipomuuliza Bibi habari za mwaka huo, aliguna, akachukua ungo wake, akaenda kupepeta mchele uani. Nilichokuwa nakijua ni kimoja tu: Mjomba Hamadi alizaliwa mwaka huo huo.

Tulipita kwenye moto wa kwanza. Mwanamke mmoja akanyanyua kichwa.

"Bi mkubwa, mbona nyinyi hamlali nje?"

"Mgongo, mwanangu. Baridi hainifai."

Haikuwa mgongo. Tulilala ndani ili watu wasimwone Mjomba. Tangu akili yake iyumbe tulikuwa tumemleta Unguja kwa matibabu, na usiku hakutulia; hutembea huku na huku, na mbele ya wageni ulimi wake hujifunga kabisa. Mfukoni hakukosa karafuu kavu, mazoea ya miaka aliyokuwa mchumaji. Akiogopa, huziponda kwa vidole, kisha hunusa kiganja, pumzi zikamrudi taratibu. Nilimwona akifanya hivyo kila ngurumo ilipopiga.

Tulikuwa bado hatujafika kisimani pale ukelele ulipopasua usiku.

"Huyooo! Mkamateni!"

Mtaa mzima uliinuka. Nilisikia vishindo vya miguu, kilio cha watoto, mtu anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya juu. Bibi alinishika mkono tukasukumwa na umati mpaka nyuma ya msikiti. Wanaume walikuwa wamefanya duara. Katikati palikuwa na mtu amepiga magoti.

"Nuseni! Nuseni wenyewe!" alipiga kelele kijana mmoja. "Harufu yake hiyo!"

Nikainusa. Ilikuwa karafuu. Harufu hiyo hiyo ya karafuu zinazoanikwa kwenye majamvi Pemba nzima, ambayo kila mmoja pale aliijua tangu utotoni. Lakini walikuwa wameshaamua wanachokinusa. Usiku ule sikumwogopa jini. Niliwaogopa watu ninaowaamkia kila asubuhi.

Sheha alisogea, akammulika kwa kurunzi. Koti limechanika begani, damu inamtoka puani. Vifungo vya lile koti nilivishona mimi mchana wake.

"Nani anamjua mtu huyu?"

Kimya. Mwanga ukazunguka usoni kwetu, ukasimama kwa Bibi.

"Bi mkubwa, wewe mtu wa Pemba. Unamjua?"

Mjomba alinyanyua uso. Alipomwona mama yake alitabasamu, akafumbua kiganja kumwonesha karafuu alizoziponda. Nikafungua kinywa kupiga kelele kwamba ni mjomba wangu. Vidole vya Bibi vikanibana mkono mpaka nikahisi mfupa.

"Simjui," akasema.

Kijana mwenye dumu la mafuta ya taa akaingia ndani ya duara.

ITAENDELEA

Kwa nini Bibi amemkana mwana aliyemzaa mwenyewe? Na ni siri gani aliyotoka nayo Pemba, ya tangu mwaka 1965? Usikose sehemu ya tano Jumamosi ijayo.